Vijana na Maamuzi ya Kaunti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na vijana, viongozi wa vikundi na wasimamizi wa wadi kila msimu wa bajeti unapofika katika kaunti za Kenya. Yameanza na misingi na kuishia kwenye hali zisizo za kawaida, na pale ambapo jibu moja linategemea jingine, msomaji ameelekezwa huko badala ya maelezo kurudiwa. Majibu mengi yana fikira moja nyuma yake: vijana wa mashinani hawakosi la kusema, bali mara nyingi huitwa kulisema wakati uamuzi umeshapita, na dawa ya hilo ni kuijua kalenda na kuandika mapema.

## Misingi

1. Kwa mujibu wa sheria, kijana ni nani?

Kifungu cha 260 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema kijana ni mtu aliyetimiza miaka 18 lakini hajatimiza 35. Mipango ya kaunti, vikundi vinavyotengewa zabuni na nafasi za uwakilishi hutumia tafsiri hiyo. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, ingawa hilo halimnyimi kila nafasi (tazama swali la 20).

2. Kushirikishwa ni hisani ya gavana, au ni haki yangu?

Ni haki. Kifungu cha 10 kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa ya utawala, na maadili hayo yanamfunga kila afisa anayetunga sheria au kutekeleza sera. Kifungu cha 55 kinaitaka Serikali ichukue hatua za kuhakikisha kwamba vijana wana nafasi ya kujumuika, kuwakilishwa na kushiriki katika siasa, jamii na uchumi. Kwa upande wa kaunti, Kifungu cha 196 kinalilazimisha bunge la kaunti kufanya vikao vyake hadharani na kuuwezesha umma kushiriki katika shughuli zake, zikiwemo zile za kamati. Maana yake ni kwamba unaweza kuingia katika bunge la kaunti yako, ukae kwenye jukwaa la wageni na usikilize mjadala, na hupaswi kuzuiwa isipokuwa spika ameamua kuwa kuna sababu za kipekee zinazokubalika. Vijana wachache sana wamewahi kufanya hivyo, na nawahimiza wafanye, kwa sababu mtu aliyemsikia mwakilishi wake akiitetea bajeti, au akinyamaza, huja mkutanoni na maswali tofauti kabisa.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaongeza haki ya kupata habari kwa wakati, haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa serikali ya kaunti, na wajibu wa serikali hiyo kulijibu bila kukawia.

3. Chifu, msimamizi wa wadi na mwakilishi wadi wanatofautianaje?

Chifu na naibu wake ni maafisa wa serikali ya kitaifa, na baraza lao hushughulikia zaidi usalama, vitambulisho na maagizo ya serikali hiyo. Msimamizi wa wadi ni mwajiriwa wa kaunti ambaye huratibu huduma za kaunti katika wadi, na mara nyingi ndiye anayeandaa mikutano ya maoni. Mwakilishi wadi, yaani MCA, alichaguliwa na wapigakura kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kuisimamia serikali ya gavana. Kisheria yeye si mkandarasi wala si mfadhili wa harambee, hata kama desturi imemfanya aonekane hivyo.

Lalamiko likipelekwa kwa asiyehusika hupotea bila mtu yeyote kulikataa. Barabara ya mtaani ikiwa mbovu, chifu atakusikiliza kwa heshima zote, lakini hana bajeti yake.

4. Ni mambo gani hasa yanayoamuliwa na kaunti?

Orodha iko katika Jadweli la Nne la Katiba. Kaunti inashughulikia zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti. Elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Kilimo na mifugo. Masoko na leseni za biashara. Barabara za kaunti na taa zake. Maji na usafi wa mazingira. Viwanja vya michezo na utamaduni. Pamoja na leseni za vileo. Shule za msingi na sekondari, vyuo vikuu, polisi na barabara kuu ni kazi ya serikali ya kitaifa.

Mkutano wa kaunti wa saa tatu unaweza kuliwa wote na malalamiko kuhusu karo ya sekondari na utovu wa usalama. Ni mambo mazito, na wanaoyaleta wana uchungu wa kweli, ila maafisa walio mbele yao hawana mamlaka juu yake, na jioni watarudi ofisini bila pendekezo hata moja wanaloweza kuliingiza katika bajeti.

## Kalenda na nyaraka

5. Mbona kila tukipendekeza mradi tunaambiwa kwamba bajeti imeshafungwa?

Kwa sababu mara nyingi ni kweli, na ni vyema kuelewa jinsi inavyofungwa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Watu wengi hudhani uamuzi hufanyika Mei au Juni, wakati ambapo mikutano ya bajeti hutangazwa kwa magari yenye vipaza sauti. Ukweli ni kwamba uamuzi hupita katika milango kadhaa, na kila mlango ukipitwa, nafasi iliyobaki huwa finyu zaidi.

Mlango wa kwanza ni Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti, ule wa miaka mitano ambao wengi wanauita CIDP, kwa sababu fedha za kaunti hazipaswi kutumika nje ya mfumo wa mipango. Unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027, na maandalizi ya unaofuata huanza kabla huu haujaisha. Wa pili ni Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, unaopaswa kufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, miezi 10 kabla ya mwaka wenyewe wa fedha kuanza. Wa tatu ni Waraka wa Sera ya Fedha wa Kaunti, unaopelekwa bungeni kufikia tarehe 28 Februari, na ndio unaoweka kiwango cha juu cha fedha za kila idara. Makadirio kamili ya bajeti hufuata kufikia tarehe 30 Aprili, na bunge huyaidhinisha kabla ya Juni kuisha.

Ningemwomba kijana aliyebanwa na kazi ahudhurie mkutano mmoja tu kwa mwaka, ningemchagulia ule wa waraka wa Februari. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinasema kwamba bunge linapobadilisha makadirio, nyongeza au punguzo kwa idara haliruhusiwi kuzidi asilimia 1 ya kiwango kilichowekewa idara hiyo. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka kila nyongeza ya matumizi ifidiwe na punguzo mahali pengine. Kwa hivyo ukija Mei kuomba idara ya michezo iongezewe fedha maradufu, hata mwakilishi anayekubaliana nawe kwa dhati amefungwa mikono. Februari hakuwa amefungwa.

Kuna mlango wa nne unaosahauliwa, nao ni Mswada wa Fedha wa kaunti, unaokuja baada ya bajeti kupitishwa. Humo ndimo hupangwa ada za leseni za biashara, ushuru wa soko na malipo ya maegesho. Mwenye kinyozi, muuza mitumba na mhudumu wa bodaboda wanaguswa na mswada huo moja kwa moja kila siku ya kazi, kuliko hata mradi wowote wa barabara.

6. Nyaraka hizo nitazipata wapi?

Anza na tovuti ya kaunti na ya bunge la kaunti, kisha ofisi ya msimamizi wa wadi. Usipozipata, andika ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, halihitaji kueleza kwa nini unaitaka habari hiyo, na halitozwi ada isipokuwa gharama halisi ya kutoa nakala. Ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ikinyamaza au ikikataa, unaweza kupeleka shauri kwa tume inayoshughulikia haki katika utawala, ile inayojulikana zaidi kama Ombudsman.

Andika ombi lako katika nakala mbili, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo siku 21 hazina mahali pa kuanzia kuhesabiwa.

7. Makadirio ya bajeti yana mamia ya kurasa. Nisome wapi?

Usianze na ukurasa wa kwanza. Tafuta jina la wadi yako katika orodha ya miradi ya maendeleo, ambayo kwa kawaida huwa mwishoni au katika kitabu cha pili, kisha uandike kila mradi, mahali ulipo na fedha zilizotengwa. Halafu chukua orodha ya mwaka uliopita na uziweke pamoja. Mambo matatu huonekana haraka: mradi ule ule uliotengewa fedha mara mbili, mradi usio na mahali maalumu, ulioandikwa tu kwamba ni wa "maeneo mbalimbali", na mradi uliolipiwa ambao wewe unayeishi hapo hujawahi kuuona.

Jambo hilo la pili linastahili umakini. Mradi usio na anwani hauwezi kukaguliwa na mtu yeyote, na kuomba utajiwe mahali ni pendekezo dogo lisilo na gharama yoyote ambalo ni vigumu kwa afisa kulikataa hadharani.

## Siku ya mkutano

8. Nikipewa dakika mbili, nizungumze nini?

Zungumza jambo moja, na uwe umeliandika. Maneno ya mkutanoni hupita kwenye masikio ya karani aliyechoka, lakini karatasi iliyopokelewa huambatishwa kwenye ripoti. Waraka mfupi wa maoni unaweza kuwa hivi:

"Kwa Karani wa Bunge la Kaunti. Sisi ni wahudumu wa bodaboda 34 wa steji ya soko. Katika makadirio ya Idara ya Barabara na Kazi za Umma, shilingi 3,000,000 zimetengewa ukarabati wa maegesho ya magari katika makao makuu ya kaunti. Tunapendekeza shilingi 1,200,000 kati ya hizo ziwekwe kwenye taa za barabara ya kutoka sokoni hadi kituo cha afya, kwa kuwa abiria wetu wengi wa usiku ni kina mama wanaokwenda kujifungua, na kipande hicho hakina taa hata moja. Majina na sahihi zetu zimeambatishwa."

Huo ni mfano tu, lakini tazama unachofanya. Unataja nyaraka yenyewe, unaonyesha fedha zitoke wapi ndani ya idara hiyo hiyo ili kikomo cha asilimia 1 kisivukwe (swali la 5), na unatoa sababu inayojulikana na walio karibu nayo pekee. Kamati ya bajeti inaweza kuukubali kama ulivyo. Kuliambia bunge la kaunti kwamba "vijana tumesahaulika" ni kweli tupu, lakini kamati haiwezi kuliandika neno hilo katika safu ya fedha.

9. Lazima nizungumze Kiingereza?

Hapana. Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi chini ya Kifungu cha 7, na Katiba inaitaka Serikali pia iendeleze lugha za kiasili. Nyaraka ikiwa ya Kiingereza pekee, waombeni waandalizi muhtasari wa Kiswahili kabla ya siku ya mkutano. Ombi hilo likiwa limeandikwa na likapuuzwa, litakuwa na uzito baadaye endapo mkutano utapingwa.

10. Karatasi ya mahudhurio ina kazi gani? Kuna ubaya nikiitia sahihi na kuondoka?

Karatasi hiyo ina safu za jina, nambari ya kitambulisho, simu, kijiji na sahihi, na huzungushwa mara nyingi kabla mazungumzo hayajaanza. Baadaye huambatishwa kwenye ripoti kuwa ushahidi kwamba umma ulishirikishwa. Kwa hivyo kijana aliyetia sahihi saa nne na kuondoka saa nne na robo amehesabiwa miongoni mwa waliosikilizwa, na jina lake linaweza kutumika kuutetea uamuzi asioujua.

Ushauri wangu ni kwamba utie sahihi ukiwa umekaa, upige picha ya ukurasa uliotia sahihi, na ukitoa maoni uhakikishe karani ameyaandika. Ukiona karatasi haina kichwa kinachosema ni mkutano wa jambo gani na wa tarehe gani, omba kiandikwe kabla ya mtu yeyote kushika kalamu. Ombi hilo lisitolewe kwa ukali. Sema tu kwamba ungependa kumbukumbu iwe kamili.

11. Wazee hutuambia tusubiri zamu yetu. Tufanyeje bila kuwavunjia heshima?

Swali hili hutoka kwa vijana waliolelewa vizuri, na wanastahili jibu zito. Mzee anayesema hivyo mara nyingi amewahi kuona kijana akisimama, akirusha maneno na kutoweka, akawaachia wengine mzigo wa kufuatilia. Hoja yake si ya bure, ingawa haifuti haki yako.

Njia inayofanya kazi ni kumtembelea kabla ya mkutano. Nenda na wenzako wawili, mwamkie, mwonyeshe ukurasa wa makadirio unaohusu kijiji na umuulize anaukumbuka mradi huo ulianza lini. Wazee wanajua historia ya kila kiwanja na kila kisima, nani alikitoa na kwa masharti gani, habari ambazo hazimo katika nyaraka yoyote ya kaunti. Mkiingia ukumbini pamoja, pendekezo linakuwa la kijiji, na hata kama ni wewe utakayelisoma, yeye ndiye atakayelitetea mwenyekiti akijaribu kulipita. Mkutanoni tanguliza shukrani kwa waliokutangulia kuzungumza, kisha ueleze hoja yako yote bila kuikata. Heshima haikudai uifupishe.

12. Je, tudai nauli au posho ya kuhudhuria?

Nauli kwa anayetoka mbali ni jambo la haki, hasa katika kaunti pana kama Turkana, Marsabit na Tana River, ambako safari ya kufika makao makuu ya wadi inaweza kumgharimu mtu siku nzima. Posho ya kukaa tu ni jambo jingine, kwa sababu huwaleta waliozoea kulipwa, na anayetoa pesa huanza kuchagua nani aitwe. Ningependelea kaunti ipeleke mkutano karibu na watu, na fedha za posho zitumike kuchapisha muhtasari wa bajeti.

13. Kwa nini kina dada hawaonekani kwenye mikutano hii?

Angalia saa na mahali. Mkutano wa saa nne asubuhi siku ya kazi unamkuta msichana akiteka maji, akilea mtoto au akiuza sokoni, na ule wa jioni unamfanya arudi nyumbani gizani. Vikundi vyenye mahudhurio mazuri ya wasichana hufanya kikao cha kwanza cha mapendekezo mahali walipo tayari, kwenye chama, kliniki ya watoto au soko, kisha huchagua wawili au watatu wa kuyabeba hadi ukumbini. Msichana aliyekwenda kwa niaba ya wenzake 20 haoni haya kusimama kama yule aliyekwenda peke yake.

14. Siwezi kufika. Naweza kushiriki kwa njia nyingine?

Ndiyo. Sheria ya Serikali za Kaunti inatambua majukwaa ya teknolojia, mbao za matangazo na njia nyinginezo mbali na mkutano wa ana kwa ana. Tangazo la bunge la kaunti kwa kawaida huwa na anwani ya kupokea maoni ya maandishi pamoja na tarehe ya mwisho. Maoni ya kundi la WhatsApp hayahesabiwi hadi mtu ayakusanye, ayaandike na kuyawasilisha kwa karani, kwa hivyo chagueni mapema nani atafanya kazi hiyo.

## Baada ya mkutano

15. Wakikataa pendekezo letu, wanalazimika kutueleza sababu?

Hili limefika mahakamani. Mnamo tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, moja ya sababu ikiwa ni jinsi Bunge lilivyoyashughulikia maoni ya umma bila kueleza kwa nini lilichukua baadhi na kuacha mengine. Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo tarehe 29 Oktoba 2024, na haikuona kwamba sheria iliyopo inalilazimisha Bunge kutoa sababu kwa kila pendekezo. Hata hivyo hakuna kinachokuzuia kuuliza, na kaunti inayojiheshimu hujibu. Jambo la kufanya ni kusoma ripoti ya kamati ya bajeti ya kaunti yako ikishawasilishwa na kutafuta pendekezo lenu humo. Kama halimo hata kwa kutajwa, mna hoja nzito zaidi kuliko ya kukataliwa: hamkusikilizwa.

16. Mradi uko kwenye bajeti lakini hakuna kilichojengwa. Tuanzie wapi?

Anzeni na ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, ambazo hutolewa kila robo mwaka na huonyesha kiasi ambacho kila kaunti imetumia. Huenda fedha hazikufika kutoka Hazina ya Kitaifa, na hapo lawama inaangukia mahali pengine. Kisha ombeni, kwa njia iliyoelezwa katika swali la 6, mkataba wa mradi, jina la mkandarasi na kiwango cha malipo. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huja baadaye, lakini mara nyingine huutaja mradi kwa jina.

Mfano wa kuigwa ni Makueni chini ya gavana Kivutha Kibwana, aliyehudumu kati ya 2013 na 2022. Mikutano ilianzia vijijini na kupanda hatua kwa hatua hadi kaunti, na wakazi waliunda kamati za kusimamia miradi ambazo zilipaswa kuridhika na kazi kabla ya mkandarasi kulipwa. Kijana aliyekaa katika kamati kama hiyo na kuhesabu mifuko ya saruji ikishushwa ana madaraka halisi, na naona ni shule bora ya uongozi kuliko semina yoyote.

17. Ombi rasmi lina tofauti gani na barua ya malalamiko?

Ombi rasmi kwa bunge la kaunti, ambalo wengine huliita petisheni, linatakiwa kusajiliwa na karani na kupelekwa kwa kamati. Liwe na lugha ya staha, lieleze mlichotaka, hatua mlizokwisha kuchukua na matokeo yake, liseme kama suala liko mahakamani au la, na liwe na majina na sahihi. Hayo ya hatua zilizochukuliwa ndiyo huyaangusha maombi mengi, na ndipo nakala yenu yenye muhuri inapookoa siku.

18. Mahakama inaweza kuifuta sheria ya kaunti kwa sababu hatukushirikishwa?

Inaweza, na imewahi kufanya hivyo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 baada ya wakazi kulalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo, na Jaji George Odunga alisisitiza kuwa ushirikishwaji uwe wa kweli, si taratibu ya kutimiza tu. Kesi ni ghali na ndefu, kwa hivyo iwe njia ya mwisho. Lakini afisa anayeijua hukumu hiyo huandaa mkutano kwa uangalifu zaidi, na hakuna ubaya kumkumbusha.

## Viti na uwakilishi

19. Naweza kugombea nikiwa na miaka 19, na kuna viti vya vijana?

Katiba haikuweka umri maalumu wa kugombea uwakilishi wadi. Kifungu cha 193 kinataka uwe mpigakura aliyesajiliwa, utimize masharti ya elimu na maadili yaliyowekwa kisheria, na uwe umependekezwa na chama au, ukiwa mgombea huru, uungwe mkono na wapigakura wasiopungua 500 wa wadi hiyo. Mwaka 2022 Linet Chepkorir alichaguliwa mwakilishi wa wanawake wa Kaunti ya Bomet akiwa na miaka 24. Kifungu cha 177 pia kinatenga viti katika bunge la kaunti kwa makundi yaliyotengwa, vijana wakiwemo, lakini viti hivyo hutoka kwenye orodha za vyama, na vita vyake hupiganwa ndani ya vyama miezi kadhaa kabla ya kura.

Kuna pengo moja linalonisumbua. Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, chombo cha mashauriano ya serikali ya kaunti kuhusu mipango na bajeti, kina wajumbe kutoka mashirika ya wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya kidini. Vijana hawakutajwa. Mpaka sheria irekebishwe, kijana anaweza kuingia kupitia chama cha wafanyabiashara wadogo, shirika la wanawake au la wataalamu, na vikundi vya vijana vinaweza kuishinikiza kaunti itoe nafasi hiyo kwa hiari. Pale mwanasiasa anapotaka kuwateulia vijana mwakilishi, ombeni mchague wenyewe kwa kura, na aliyechaguliwa alete taarifa baada ya kila kikao.

## Hali zisizo za kawaida

20. Nina miaka 16. Naweza kutoa maoni?

Huwezi kupiga kura, lakini Sheria ya Watoto ya 2022 inataka mtoto apewe nafasi ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na yazingatiwe kulingana na umri na ukomavu wake. Njia rahisi ni kuandika kupitia shule au kilabu na mwalimu ayawasilishe. Wanafunzi huona mambo ambayo watu wazima wameyazoea, kama vile daraja linalofurika njiani kuelekea shuleni.

21. Nasoma chuo katika kaunti moja na kura yangu iko kwingine. Nishiriki wapi?

Kote kuwili, kulingana na jambo. Kadi ya kura si sharti la kutoa maoni kuhusu mswada au bajeti. Kama unaishi Eldoret miezi tisa ya mwaka, maji na taa za huko zinakuhusu.

22. Maandamano ya 2024 yalipata matokeo kwa siku chache. Kwa nini tuhangaike na mikutano?

Maandamano ya amani bila silaha ni haki chini ya Kifungu cha 37, sawa na haki ya kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka. Juni 2024 vijana waliuchambua Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu mtandaoni na kuutafsiri kwa lugha za nyumbani, na tarehe 26 Juni, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni na watu kuuawa kwa risasi, Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi. Bei iliyolipwa na familia zile haipimiki.

Watu hukumbuka barabara na kusahau usomaji uliotangulia. Ulikuwepo mswada uliosomwa na maelfu ya watu. Mswada wa fedha wa kaunti yako nao una vifungu, na hautaonyeshwa kwenye televisheni. Wakiusoma vijana kumi wa wadi moja na kuwasilisha maoni kabla ya tarehe ya mwisho, huenda ushuru wa kibanda ukaondolewa bila mtu kuumia.

23. Mimi ni msimamizi wa wadi. Natangaza mikutano lakini vijana hawaji. Nakosea wapi?

Tangazo lililobandikwa kwenye ofisi yako huonwa na wanaokuja ofisini kwako. Lipeleke kwenye steji za bodaboda, viwanja vya mpira, vyuo vya ufundi na redio za lugha za mashinani, na liseme wazi ni uamuzi gani ungali wazi na ni fedha kiasi gani. Toa muhtasari wa ukurasa mmoja au miwili angalau wiki moja kabla. Fanya kikao Jumamosi au Jumapili alasiri, na uwape nafasi ya kuzungumza mapema, kabla waheshimiwa hawajamaliza hotuba zao na ukumbi kuanza kutoka.

Kisha rudi. Kabla ya kukusanya maoni mapya, bandika palepale steji orodha ya maoni ya mwaka uliopita, na mbele ya kila moja uandike kama lilikubaliwa, lilikataliwa au linasubiri, pamoja na sababu. Kaunti nyingi hazifanyi hivi, nawe hungoji sheria ikulazimishe (swali la 15). Orodha hiyo ikianza kuonekana, mkutano unaofuata utahitaji ukumbi mkubwa zaidi.